Mgeni Aliyeniita Nyar Karachuonyo

Achola,

Watu huanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe. Leo asubuhi tumekunywa uji mezani bila kusemezana, kwa hivyo unajua mwenyewe kama mimi ni mzima. Hofu kweli ni kwako. Lakini hasira imeitangulia hofu, na itabidi uisome hasira kwanza.

Umekwenda kumuaga Dani. Namjua mama ya baba yako, hatakuachia mpaka jua lipoe, kwa hivyo nina mchana mzima wa kuandika. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa kushika kalamu, kule gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa tayari mwanamke mwenye beseni la dagaa wa omena sokoni. Tena kwa Dholuo nikikasirika maneno hutoka kabla sijayaonja. Kiswahili kinanilazimisha kwenda polepole. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, uikute kesho ukifika Homa Bay, pamoja na kitu kingine ambacho nitakueleza huko mbele.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia uanike godoro, wala uwe na adabu kwa mwalimu mkuu, wala usinunue samaki waliolala siku hizi ambapo gugu-maji limeziba ziwa na wavuvi wanarudi na makopo. Hayo unayajua. Ninachotaka kuzungumza ni kile kilichotokea Alhamisi kwenye chumba chako kipya, na kwa nini mama yako aligeuka kichaa mbele ya majirani.

Nikumbushe, maana nina hakika wewe unakumbuka sehemu moja tu, ile ya mimi kupiga kelele. Tulikuwa tumemaliza kufagia. Ulikuwa unapima dirisha kwa kamba, kwa ajili ya pazia. Mlango wa chumba hicho unaangalia barabara, na wewe ulikuwa umeuacha wazi kabisa. Akaja yule kijana na sahani zake za melamini, amezifunga kwa mpira wa baiskeli, shati limelowa jasho. Hakupiga hodi. Alisimama ndani ndiyo akasema hodi.

"Sista, habari ya kuhamia? Naona ni nyumba mpya. Unaitwa nani?"

Ukasema, "Achola."

"Achola. Pole sana. Na hapa mtakuwa mnakaa na mama?"

Nawe, mwanangu niliyekulipia karo mpaka vidole vikanuka omena hata siku ya Sabato, ukacheka na kumwambia, "Hapana, mama amenisindikiza tu. Nitakaa peke yangu."

Mimi sikumtazama usoni. Nilitazama macho yake yalikokwenda. Yalikwenda kwenye komeo la mlango, yakaenda dirishani, yakarudi kwako. Pengine alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka sahani. Pengine ni mtoto wa watu, anatafuta unga. Sijui, wala wewe hujui, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nilimwondoa kwa ufagio. Alisema, "Mama, mbona unanifukuza hivo na sijaiba kitu?" na jirani yako mwenye mtoto mgongoni akatoka kuangalia. Wewe ulinivuta mkono ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, umeniaibisha. Mtu amekuja tu kuuza sahani." Tangu siku hiyo tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Sasa nisikilize. Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Dani, na ukimaliza kusoma utakuwa na haki ya kunikasirikia kwa jambo la maana kuliko ufagio.

Unakumbuka mlango wetu wa mbele, wa vipande viwili. Marafiki zako wa chuo walipokuja waliucheka, wakasema ni mlango wa ng'ombe. Baba yako ndiye aliyeutengeneza, mwaka tuliooana. Odera alikuwa seremala, na milango mingi ya upande huu wa Migori ilipita mikononi mwake, lakini wa nyumbani kwake aliukata katikati makusudi. Alikuwa akienda kazi za mbali wiki nzima, mara Sori, mara Kehancha, na mimi nilikuwa msichana niliyeletwa juzi kutoka Kendu, nimezoea nyumba yenye kaka watano. Alinionyesha komeo la juu na komeo la chini. Akasema, "Mtu akija, fungua juu, ongea naye. Ukishamjua ndiyo ufungue chini." Nikamuuliza kama anafikiri watu wa kwao ni wezi. Akacheka. Alikuwa akicheka mdomo wote ukiwa wazi, na ule mwanya wa chini ukionekana, maana alikuwa wa kundi la mwisho kung'olewa yale meno sita ya chini kwa mila yetu, na hakuona haya nao hata kidogo.

Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo uliomshika Jumatatu. Ijumaa tulimleta nyumbani kwenye gari la watu. Wewe ulikuwa tumboni miezi saba. Ulipotoka wakakuita Achola kabla sijafungua macho, kwa sababu ndivyo aitwavyo mtoto aliyezaliwa baba akiwa ameshazikwa. Kwa mtu wa kabila lingine ni jina tu. Mjaluo akilisikia hahitaji kuuliza swali la pili. Anajua nyumba hiyo haina mwanamume.

Hapo ndipo ninapotaka uzingatie. Jina lako ni mlango, na mimi sikuliwekea komeo.

Ulikuwa umeng'oka jino la kwanza, kwa hivyo weka miaka sita. Mvua zilikuwa zimekwisha na ulikuwa kwenye njia ya lango, unajenga nyumba ya udongo. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikichambua mtama. Nikasikia sauti ya mwanamume mbele ya nyumba, sauti nzuri ya mtu aliyeshiba, inaita, "Hodi? Nyar Karachuonyo, hodi hapa?"

Unajua mwenyewe kwamba hapa kwa baba yako hakuna anayeniita Peres. Mwanamke akiolewa anaitwa nyar, binti, wa alikotoka, na Kendu ni Karachuonyo. Lakini wanaoniita hivyo ni mashemeji na majirani, kwa sauti ya kuita mtu akateke maji. Huyu aliniita kama kaka zangu wanavyoita, akivuta lile jina, kama mtu anayelijua vumbi la kule. Miaka sita nilikuwa mjane kwenye boma la watu. Miaka sita kila mwanamume aliyekuja bila taarifa alikuja na shauri la kunirithi, au la kugawa shamba, au na Biblia mkononi na macho kwenye kitanda changu. Halafu mtu akaniita kwa jina la kwetu.

Nilifungua juu. Nikafungua na chini. Sikumaliza hata kumtazama.

Alikuwa amevaa suti ya kahawia, viatu vimepigwa rangi, mkononi brifkesi. Akasema, "Misawa, nyaminwa. Mimi ni owadu, mama yangu ni wa kwenu, pale juu ya Kendu." Dada, ndugu, mama. Kwa pumzi moja alikuwa ameshajipa ukoo. Nami nikafanya vile nilivyolelewa. Mgeni wa kwetu haulizwi amefuata nini kabla hajala. Nikampa kiti cha baba yako, Achola, kile chenye mikono, ambacho sikuwa nimemruhusu hata shemeji yangu akikalie. Nikakutuma ukamkamate jogoo mwekundu. Ulimkimbiza ukicheka, na mgeni akakupigia makofi.

Alikula jogoo karibu wote. Alinyonya mpaka shingo. Kila nikikumbuka ile shingo naikandamiza kalamu, ndiyo maana neno hili la juu lina wino mwingi.

Baada ya kunawa ndipo akafungua brifkesi. Alikuwa, akasema, anatoka kwenye kampuni ya kukuza picha. Unawapa picha ndogo, wanaifanya kubwa kama dirisha, wanaitia rangi, wanaiweka kwenye fremu ya kioo. Akatoa sampuli. Kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani, na mzee mmoja mwenye kofia ya chifu, na bwana harusi. Walikuwa wazuri sana. Nikamuuliza yule mwanamke ni nani. Akasema, "Huyo ni mteja wetu wa Kisumu, alifurahi mpaka akalia."

Sikujiuliza, Achola. Kama ni ya mteja, na alifurahi mpaka akalia, mbona picha yake iko ndani ya brifkesi ya mtu nyumbani kwangu? Swali hilo lilinijia miaka mitano baadaye, na wakati huo halikuwa na faida.

Akanitazama kwa huruma akasema, "Nyaminwa, najua Mungu alikujaribu. Je, wuon Achola alikuacha na picha yoyote?"

Wuon Achola. Baba Achola. Mimi sikuwa nimemtajia jina lako. Hilo nalo sikulisikia. Nilisikia tu kwamba kuna mtu duniani amekumbuka kwamba nilikuwa na mume.

Picha ilikuwepo moja. Moja tu. Tulipigwa studio Homa Bay baada ya harusi, kisha mpiga picha akampiga Odera peke yake kwa ajili ya kazi fulani ya serikali ambayo hakuipata. Alimwambia afunge mdomo. Odera akafunga, na mara tu taa ilipowaka akacheka. Ile ya sisi wawili ilizikwa naye, Dani ndiye aliyetaka hivyo. Hii ndogo, saizi ya kiganja cha mtoto, niliifunga kwenye leso na kuiweka ndani ya kopo la majani ya chai. Nilikuwa nikikuonyesha wewe Jumamosi baada ya kanisa. Pengine umesahau. Ulikuwa unagusa mwanya wake kwa kidole na kusema, "Baba hana meno kama mimi."

Niliitoa kwenye kopo kwa mkono wangu, nikampa. Hakutaka malipo siku ile, akasema nitalipa akileta kazi, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumkamata mwizi wa pesa. Akaniandikia karatasi yenye muhuri. Akasema wiki tatu. Akakushika kichwa, akaondoka akiwa amembeba baba yako kwenye mfuko wa koti.

Wiki tatu zikapita, ukapita mwezi, ukapita wa pili. Nikaenda Kisii na ile karatasi, mpaka kwenye nyumba iliyoandikwa pale. Lilikuwa duka la mbegu. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, akaitazama karatasi bila kuishika. Akasema, "Hata wewe? Mamangu, wamekuja wengi na hizo. Hapa tunauza mbegu."

Nilirudi Migori nikiwa nimekaa kwa utulivu sana. Watu walionisalimu waliniona mzima. Nilipofika nyumbani nilikuita, nikakuuliza yule mgeni alikuuliza nini pale langoni kabla hajaniita. Ukanijibu bila wasiwasi, maana hukujua kuna ubaya. Alikuuliza unaitwa nani, ukamwambia. Akauliza mama anatoka wapi, ukamwambia. Akauliza kama kuna mjomba au nani hapa nyumbani, ukamwambia tupo mimi na mama. Ulikuwa umemjibu mtu mzima kwa heshima, umesimama wima, mikono nyuma, kama nilivyokufundisha mwenyewe.

Nikavua patipati mguuni nikakupiga. Nilikupiga mgongoni na miguuni mpaka ile kamba ya patipati ikang'oka, kisha nikakupiga kwa mkono. Nilikwambia ukiongea na mgeni tena nitakukata ulimi. Jirani ndiye aliyekuja kukutoa.

Kipigo hicho unakikumbuka. Najua, kwa sababu mwaka jana ulimsimulia binamu yako huku nikiwa jikoni, ukasema, "Mama alinipiga siku moja mpaka leo sijui nilikosa nini." Ukacheka. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka mboga ikaungua, na mlipouliza harufu nikasema ni kuni mbichi.

Hukukosa kitu. Hilo ndilo nililotaka kuandika tangu mstari wa kwanza, na nimezungukazunguka kama mtu anayetafuta kufuli gizani. Hukukosa kitu chochote. Mlango ulikuwa wangu, makomeo mawili yalikuwa mikononi mwangu, niliambiwa na aliyeyapigilia jinsi ya kuyatumia, nikafungua yote kwa sababu mwanamume aliniita kwa sauti niliyoikosa. Halafu nikakuadhibu wewe. Baada ya hapo ulikuwa mtoto anayejificha chini ya meza watu wakija, na mimi nilisifiwa kwamba nina mtoto mpole. Ulipoanza tena kuwachekea watu, ukiwa darasa la sita, nilishukuru Mungu. Ndiyo sababu Alhamisi nilipokuona ukimchekea yule wa sahani, sikujua kama nilie au nipige. Nikachukua ufagio.

Ulipouliza picha ya baba iko wapi, nilikwambia imeliwa na mchwa. Umeamini hivyo miaka yote. Mchwa hawana hatia.

Sasa sehemu inayoniudhi kuliko zote.

Ulikuwa na kama miaka kumi na moja. Nilikwenda kumtembelea mama yako mkubwa Dorka, Kendu, wewe nilikuacha kwa Dani. Jumapili mchana tulikuwa sebuleni tunachagua mchele, mlango wazi, maana dada yangu ana mume na watoto wa kiume wakubwa na anafikiri dunia nzima iko hivyo. Akaingia kijana, si yule wa kwanza, mwingine, mwembamba, na brifkesi. Kampuni ya kukuza picha. Mimi niliendelea kuchagua mchele. Nilitaka kuona. Akaanza kutoa sampuli na kuzipanga kwenye kochi. Mwanamke wa kitambaa chekundu alikuwepo, amechakaa kidogo pembeni. Bwana harusi. Halafu akamtoa baba yako.

Alikuwa mkubwa kama trei. Walikuwa wamemvika suti nyeusi na tai ya buluu. Odera, ambaye hata siku ya harusi alisema tai ni ya kufungia mbuzi. Ngozi yake wameipaka mpaka imekuwa ya mtu wa ofisini. Na mdomoni wamemjazia meno, Achola. Meno ya chini, meupe, yote sita, yamepangwa kama mahindi. Lakini macho walishindwa kuyafanya kitu. Yalikuwa yananiangalia yakicheka, kama siku ile taa ilipowaka.

Nikasema, "Huyu ni mume wangu."

Kijana akatabasamu. "Apana, mama. Huyu ni mwalimu mmoja wa Mbita, mteja wetu. Alipenda kazi sana."

Dorka akaichukua, akaisogeza dirishani. Akasema polepole, "Peres, shemeji hakuwa na tai. Na meno je?" Dada yangu wa tumbo moja. Mtu aliyecheza kwenye harusi yangu. Wangeweza kumpitisha Odera mbele ya mama yake mzazi akamkaribisha mwalimu wa Mbita.

Nilimwonyesha sikio la kushoto, ile alama ya patasi aliyojikata akiwa mwanagenzi. Walisahau kuipaka. Dorka akaiona, akaketi. Yule kijana akanyoosha mkono airudishe kwenye brifkesi. Nami sikupiga kelele, ungenionea fahari. Niliiweka kwenye kochi, nikaikalia.

Unajua uzito wangu. Alinibembeleza saa nzima. "Mama, tafadhali. Hiyo ni mali ya ofisi. Watanifuta kazi. Mimi nilipewa tu, sijui chochote." Namwamini kwamba hakujua. Alitoka machozi, na mimi nilikaa. Nilikunywa chai nikiwa nimekaa. Watoto wa Dorka walirudi kutoka mpirani wakanikuta nimekaa. Mwishowe alikusanya wengine akaondoka, na mimi nikamwambia mwanamke wa kitambaa chekundu kimoyomoyo anisamehe, sikuwa na matako ya kutosha kuwaokoa wote.

Cheka, ni sawa. Mimi sikucheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria nyumba alizoingia. Miaka mitano wamembeba, mlango kwa mlango, kwa sababu uso wake unacheka na uso unaocheka unauza. Wajane wangapi walimtazama yeye, wakamwamini yeye, wakaenda kutoa picha zao kwenye makopo? Mtu aliyekata mlango wa nyumba yake katikati ili mkewe asiibiwe, wakamfanya yeye ndiye wa kufungulia milango ya watu. Kwa hilo sijasamehe, na mchungaji ameshaniongelesha kuhusu kusamehe bila kujua ni nini, nikamwambia aniache na Mungu wangu.

Picha niliifunga kwa gazeti nikaiweka juu ya dari. Sikukupa. Ningekupa vipi bila kukuambia kuhusu mchwa, na kuhusu patipati? Tena niliogopa utampenda huyo mwenye tai. Nilitaka umpende wangu, mwenye mwanya. Kwa ubishi huo nimekunyima uso wa baba yako miaka yote hii, na sasa wewe ni mwalimu mwenye chumba chako, na uso wake pekee unaoujua ni ule ninaokusimulia nikiwa na furaha, ambayo si mara nyingi.

Kwa kipigo kile, nisamehe. Naomba kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo nitaanza kujitetea. Kwa uongo wa mchwa, nisamehe pia. Kwa yule kijana wa sahani siombi msamaha, wala sitaomba.

Sisemi uwe mtu wa kufukuza watu. Nimekuwa hivyo mimi, na nimekosa mengi. Kuna mama mmoja alikuja kuniletea dawa ya mguu kutoka kwa kaka yangu, nikamweka juani nusu saa akijibu maswali yangu, hajarudi tena. Jina lako la nyumbani liweke kwa wanaokujua. Una jina la kanisani, Rebeka, ambalo tangu ubatizwe halijafanya kazi yoyote, lipe sasa kazi ya kujibu mlangoni. Na mtu akikujia akijua kwenu ni wapi na mama yako ni nani, usifurahi haraka kama mimi. Jiulize kwanza amejuaje.

Mlango wa chumba chako ni wa kipande kimoja, baba yako hayupo aukate. Nimefikiria hilo tangu Alhamisi. Chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka la kijani, kuna kitu kimefungwa kwa gazeti, na msumari mmoja. Usimtundike sebuleni kama watu wanavyofanya, kwanza sebule huna. Mtundike nyuma ya mlango, usawa wa macho yako, mahali ambapo kabla hujagusa komeo lazima umtazame. Tai si yake. Meno si yake. Ukitaka kumwona, funika hapo kwa kiganja, uangalie macho na lile sikio. Ametembezwa kwenye milango ya watu vya kutosha, sasa akae ndani ya wako.

Na mtu akikuuliza hapo mlangoni unakaa na nani, usiseme peke yako. Sema unakaa na baba yako. Hutakuwa umedanganya.

Nakusikia langoni sasa, unamwita mbwa. Naifunga hapa kabla hujaingia.

Mama yako,
Peres